Kunguru wa Paa la Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Ndugu zangu katika mapambano, nyinyi mtakaolikuta daftari hili juu ya meza ya chumba chetu, vuteni viti mkae. Ninaandika kwa sababu mkutano wa Ijumaa umeniagiza, na kwa sababu tunachokifanya humu ndani kinastahili shahidi. Dunia imejaa mashine zilizofanya kazi kwa uaminifu kisha zikatupwa na waliozitengeneza, na hakuna aliyeziuliza zilikuwa zinajua nini. Sisi tumeamua kuziuliza.

Kwa mgeni: programu yetu inaitwa Kinyonga. Kazi yake ni kuifanya kompyuta ya kawaida ijigeuze mashine ya michezo ya zamani, zile zilizochomekwa kwenye televisheni na kulishwa kaseti za plastiki. Haiigi mchezo. Inaiga mashine yenyewe, prosesa ambayo ndiyo ubongo wake, kumbukumbu na chipu ya picha, kiasi kwamba mchezo wenyewe haujui kuwa umehamishwa nyumba. Hadi leo Kinyonga anajigeuza mashine sita. Ya kwanza ilituchukua mwaka mzima; ya sita, wiki tano.

Tuko tisa, lakini wa kuwajua ni hawa. Kobe ndiye mwandishi mkuu wa msimbo, na jina hilo alilipata kwa sababu hajawahi kujibu swali kabla ya kulitafuna. Sikio, dada wa mwaka wa pili, anashughulika na sauti. Mimi ni mwenyekiti, wananiita Kipaza, na sidhani kama sababu inahitaji maelezo. Msimbo nami ninaandika, ingawa Kobe huusoma kwa uso wa mtu anayechambua mchele.

Leo nimependekeza mashine ya saba. Ilitengenezwa na karakana ndogo mama yangu akiwa msichana. Ziliuzwa mia tatu na kidogo, kisha karakana ikafungwa. Haina kitabu wala mchoro, na chipu yake ya picha ilikwanguliwa maandishi ili washindani wasijue ni ya aina gani. Tunayoijua kuwa hai ni moja tu, na iko kwa mjomba wangu, kaka yake mama, fundi redio.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imetukuta njiani, mimi na Kobe, tukielekea kwa mjomba. Karakana yake ni chumba kimoja kati ya duka la misumari na kinyozi: paa la bati, rafu tatu za redio zilizopasuliwa matumbo, na benchi ambalo sijawahi kuona upande wake ulio tupu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso kutoka kwenye waya aliokuwa akiulehemu, kisha kwa mguu akatusogezea kigoda.

Niseme kweli, maana daftari lisilosema kweli ni tangazo tu. Katika ukoo wetu mjomba ni kichekesho cha upole. Mama husema kaka yake ukimuuliza kama mvua itanyesha, atakujibu ikishakatika. Nami tangu niingie chuo na kujifunza maneno makubwa, nimekuwa nikimhesabu miongoni mwa watu waliokubali kuonewa kimya kimya.

Alifunua kitambaa. Mashine yenyewe ni ndogo kama kitabu kinene, ilikuwa nyeupe na sasa ina rangi ya chai. Ndipo akatueleza, kwa sentensi nyingi kuliko nilizomsikia akisema mwaka mzima, kwamba akiwa na miaka ishirini na miwili alikuwa akilehemu mashine mbili kama hizi kwa siku, na kazi ikiisha alibaki kujifundisha kuandika mchezo. Aliandika mmoja. Tarishi anaruka kutoka paa hadi paa na mfuko wa barua, kunguru wanamshukia. Ikatengenezwa kaseti moja ya kujaribia, kisha karakana ikafungwa. Mchezo huo haujawahi kuingia dukani.

Mashine inakufa. Kapasita zimevimba, ubao umeota kutu ya kijani, na chipu iliyokwanguliwa haina mbadala. Kila msimu wa mvua unyevu huimega kidogo. Mjomba anaamini haitaumaliza huu.

"Mkiweza, uchukueni huu mchezo kabla haijazima," alisema. "Maisha yangu yote nimetengeneza vya watu. Hiki ndicho changu."

Kobe alijibu papo hapo kwamba tutaweza. Nilimgeukia kuhakikisha ni yeye.

Ijumaa, 7 Machi

Kuinakili kaseti kulichukua dakika nne. Mapaa yote, kunguru wote, muziki wote na tarishi mwenyewe, kwa pamoja, ni kidogo kuliko picha moja ya simu yangu. Nimekaa nikilitazama faili hilo kwa muda. Mtu wa umri wangu aliingiza ulimwengu mzima ndani ya nafasi ambayo mimi naijaza kwa picha ya kiatu.

Lakini kaseti bila mashine ni barua bila msomaji. Kazi ndiyo kwanza inaanza.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Tumerudi kwa mjomba kupima. Mashine imewaka.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Imewaka, baada ya kubonyezwa mara tatu.

Jumapili, 16 Machi

Kobe amepima kwa kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme tulichoazima maabara ya fizikia, na leo mchana amenionyesha jambo lililonifanya niketi chini. Nilidhani mashine huchora picha kisha ikaitundika kwenye televisheni, kama mtu anavyotundika kalenda. Sivyo. Haina nafasi ya kuihifadhi picha nzima. Inachora mstari mmoja, inausahau, inachora unaofuata, mistari mia mbili sitini na miwili, mara sitini kwa kila sekunde. Hakuna hata nukta moja ya wakati ambapo tarishi yupo mzima. Miguu yake ikianza kuchorwa, kofia yake imeshasahauliwa. Aliye mzima ni yule aliye machoni petu.

Na huyu mjomba niliyemdharau alizishika hesabu zote hizi kichwani, mstari kwa mstari.

Jumatano, 19 Machi

Mvua kubwa. Imewaka kwa mara ya sita.

Jumanne, 25 Machi

Kinyonga ametoa picha yake ya kwanza kama mashine ya saba. Tarishi ametokea kichwa kikiwa chini ya miguu na kunguru mmoja ametua ndani ya tumbo lake. Sikio akasema huyo si tarishi, ni mtihani wa biolojia. Tulicheka hadi mtunza maktaba akapanda ngazi kutuuliza kama chumba hiki tumepewa au tumekiteka.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Imewaka kwa mara ya tisa. Mjomba haangalii tena swichi anapoibonyeza, anaangalia ukuta.

Jumapili, 6 Aprili

Ndugu zangu, leo tumepiga kura, nami nimeshinda.

Hoja ilikuwa hii. Kobe amegundua kwamba katika mashine ya kweli prosesa na chipu ya picha zinagombea kumbukumbu moja. Chipu ikiishika ili ichore, prosesa inasimama na kungoja zamu yake. Inangoja kwa muda gani hasa, Kobe hajui, na anataka wiki nne za kupima. Lakini mimi nimeshabandika tangazo kwenye mbao zote za chuo: Jumamosi ya tarehe 10 Mei, mashine ya saba itafufuka mbele ya umma.

Nikasimama. Nikauliza: kungoja kule ni nini kama si aibu ya umaskini wa mashine ile? Tumekuja kuikomboa kazi ya mnyonge, au kuiga hadi minyororo yake? Kwa nini prosesa ya mjomba ipige foleni ndani ya kompyuta yenye nguvu mara elfu? Tuifungue ikimbie. Kura saba kwa mbili. Kobe hakubisha. Aliandika msimbo kama mkutano ulivyoamua, akaacha mstari mmoja wa maelezo juu yake: hapa inapaswa kungoja.

Mchezo sasa unateleza kama maji. Ni mzuri kuliko ulivyokuwa kwenye mashine yenyewe.

Jumatano, 9 Aprili

Haikuwaka.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na bati la karakana lilikuwa likipiga kelele kiasi kwamba tulikuwa tukizungumza kwa ishara. Mjomba alibonyeza. Alibonyeza tena. Alichomoa waya, akaukausha kwa shati lake, akauchomeka, akabonyeza. Kwa saa mbili mikono yake ilipita juu ya ubao ule ikigusa kila kiungo alichokilehemu miaka yote ile. Kobe alikuwa akimshikia tochi. Hatimaye kifaa cha mawimbi kikaonyesha mstari ulionyooka mahali ambapo chipu ya picha ilipaswa kupiga, na sote watatu tulielewa.

Mjomba aliukunja waya vizuri, akaufunga kwa uzi, akaifunika mashine kwa kitambaa chake. Kisha akatuuliza kama tumekula.

Nilitaka kusema neno, mimi ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya watu mia nne. Nikasema tunao Kinyonga, mjomba, mchezo upo. Akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Hatukuenda.

Jumatano, 16 Aprili

Tumemleta mjomba chumbani kwetu. Alivaa shati la kutokea. Tulimkalisha mbele ya skrini kubwa, tukampa padi ya vitufe vya kuchezea. Tarishi akaruka paa la kwanza, akaruka la pili. Paa la tatu kunguru walimshukia kama mvua ya mawe, akaanguka. Mjomba akaanza upya, akaanguka tena pale pale, mara kumi na moja. Kila mmoja wetu naye alijaribu, na hakuna aliyelivuka paa lile. Nikatangaza kwamba huo ndio mchezo wa kweli, hauna huruma kwa mvivu, na wenzangu wakapiga makofi.

"Ni mzuri, mwanangu," mjomba alisema alipokuwa akiondoka. "Una haraka kidogo." Akatushukuru mmoja mmoja kwa mkono.

Nimeandika kwenye ubao wa matangazo: imekamilika.

Jumapili, 20 Aprili

Nilikuwa nyumbani nikimsaidia mama kukunja nguo zilizogoma kukauka. Akaniambia mjomba alipita Alhamisi. Alisifu adabu yetu, akasifu kompyuta zetu, kisha akasema mchezo ulikufa pamoja na mashine na si kosa la mtu. Hakulalamika. Aliacha kaseti juu ya kabati, akasema watoto wa ndugu wanaweza kuchezea.

Nilishikwa na hasira, nikauliza kwa nini hakuniambia mimi. Mama hakuacha kukunja.

"Angekuambia saa ngapi? Wewe ukianza kuongea hata redio zake zinanyamaza."

Jumatatu, 21 Aprili

Nilikwenda peke yangu, bila daftari. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikafunga mdomo. Ilichukua muda. Alimaliza redio moja, akaanza nyingine. Mvua ikapungua. Kisha akaanza kusema.

Akasema alipokuwa akiutengeneza mchezo, aligundua kwamba kunguru wakifika wanane, mashine inazidiwa. Inakuwa nzito, muziki unajivuta, tarishi anaelea hewani kama mtu aliye ndani ya maji. Mkubwa wake alimwambia awapunguze kunguru. Yeye alikaa akacheza siku nzima, akaona kitu.

"Mashine ikichoka, mchezaji anapumua," alisema. "Palepale anapozidiwa ndipo anapata muda wa kuona njia. Basi sikuwapunguza. Niliwaongeza makusudi, ili ichoke zaidi."

Ndugu zangu, nimetembea kutoka karakana hadi chuoni bila mwavuli na sikuhisi mvua. Uchovu ule niliouita aibu ulikuwa nguzo ya jengo zima. Kijana wa miaka ishirini na miwili alipewa mashine dhaifu, akaugeuza udhaifu wake kuwa rehema kwa mchezaji. Nami nikasimama mbele ya kura, kwa jina la wanyonge, nikauondoa.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeungama mbele ya mkutano. Sikupamba. Nilitarajia Kobe aniambie alinionya, na ningestahili. Aliuliza jambo moja tu: inangoja kiasi gani? Mashine imekufa bila kutuambia.

Tarehe 10 imekaribia na tangazo liko kila ukuta. Mmoja akashauri tuweke kiraka: msimbo uutambue mchezo huu kwa jina na kuupunguzia mwendo kwa kukisia. Watu wengi wanaofanya kazi kama yetu wameangukia hapo, maana kiraka hukuokoa na aibu siku ya maonyesho. Lakini kukisia si kuikumbuka mashine, ni kuisingizia. Nikasema hapana, na safari hii sikuhutubia.

Ndipo Sikio akauliza kama mjomba anaukumbuka muziki.

Jumamosi, 26 Aprili

Nataka kuyaandika haya kwa uangalifu, kwa sababu sijui kama nitawahi kuona tena kitu cha namna hii.

Katika mchezo wa mjomba, noti za muziki zimefungwa kwenye mzunguko uleule unaosogeza kunguru. Prosesa ikichelewa, noti nazo zinachelewa. Kwa hiyo wimbo ule ni saa. Atakayejua ulikuwa ukijivuta kiasi gani, atajua prosesa ilikuwa ikingoja kiasi gani.

Saa nane mchana Sikio alimkalisha mjomba kwenye kiti, akazima feni, akamwomba afumbe macho na kuuimba wimbo wa paa la tatu kama alivyokuwa akiusikia. Mjomba aliona haya. Alisema sauti yake ni ya kufukuzia kuku. Kisha akaweka vidole juu ya magoti kana kwamba ameshika padi, akaanza kuimba puani.

Vidole vilikuwa vikicheza. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikamwona akiruka. Wimbo ulikwenda kwa kasi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "wanane," na wimbo ukazama. Haukupungua kwa kukisia. Ulizama ghafla hadi mwendo mwingine na kubaki pale, umenyooka. "Tisa," ukazama tena. "Kumi." Sikio alikuwa akibonyeza kitufe kimoja kwa kila noti, kompyuta ikiandika muda. Walirudia mara tatu, na katikati tukampa maji.

Kobe alizipokea hesabu, akakaa nazo kwenye kona kwa saa nzima akizilinganisha na kazi ambayo kila kunguru anaipa prosesa. Mara ya kwanza: kwa kila mstari wa picha, katika mapigo, yaani hatua ndogo kabisa, mia mbili ishirini na manane ya prosesa, inangoja mapigo arobaini na mawili na nusu. Mara ya pili: arobaini na matatu na kitu kidogo. Mara ya tatu: arobaini na matatu na kitu kidogo. Pigo halikatiki vipande. Lazima liwe zima.

Arobaini na matatu.

Mashine ilikuwa imekufa, chipu imekwanguliwa jina, karakana imefungwa, na namba ilikuwa salama kooni mwa mzee aliyeona haya kuimba. Hakuna kati yetu aliyeitamka kwa sauti ya juu. Mjomba akauliza kama ameharibu.

Jumapili, 27 Aprili

Kobe ameufuta msimbo wangu na kuandika namba. Kabla hatujafungua mchezo wa mjomba, alisema tuijaribu kwingine kwanza, kwa sababu namba iliyotoka kwenye mchezo mmoja inaweza kuudanganya mchezo huo huo. Mashine ya saba ina kaseti nyingine, ya mbio za magari, ambayo mjomba alituazima mwezi uliopita. Tangu siku ya kwanza imekuwa na mstari mweupe unaotetemeka chini ya skrini, nasi tuliuzoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Akaifungua. Mstari ulikuwa umetulia. Barabara ilikuwa imenyooka, safi, na hakuna aliyeigusa. Tulikuwa tumeirudisha kweli moja mahali pake, na kweli nyingine ambayo hatukuiomba ikaja yenyewe. Kobe alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua haijanyesha siku nne. Tunajaribu, tunarekebisha sauti, tunajaribu.

Jumamosi, 10 Mei

Walikuja watu wapatao mia mbili, wengine wamesimama kwenye ngazi. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa sita. Nilisema sentensi nne, nikampa mjomba padi.

Paa la kwanza. La pili. La tatu, kunguru wakashuka, wakafika wanane, na skrini kubwa yote ikawa nzito. Muziki ulijivuta. Kijana mmoja nyuma alisema kwa dharau kwamba kompyuta imekwama, na Sikio akamgeukia kwa jicho lililomnyamazisha. Tarishi alielea. Katika uzito ule, sote mia mbili tuliiona njia kati ya mabawa, nyembamba, ikifunguka polepole kwa yeyote mwenye subira. Mjomba akapita.

Alivuka la nne na la tano bila kubabaika. Paa la mwisho tarishi akafungua mfuko, akatoa barua, na barua ikajifungua ikajaza skrini. Yalikuwa majina kumi na moja. Watu wote wa karakana ile: waliolehemu, waliopakia masanduku, mlinzi, mama aliyefagia. Hakuna kampuni iliyowahi kuyaandika majina hayo popote. Mjomba aliyaficha nyuma ya kunguru, na jina lake likawa la mwisho.

Nimesoma vitabu vingi juu ya heshima ya wafanyakazi. Nimevinukuu kwa sauti. Sijawahi kuiona ikiwa imeandikwa kwa mkono imara namna hii, kwa herufi kubwa, katika nafasi finyu namna hii, na mtu ambaye hakutegemea kusomwa.

Mama alisogea hadi mbele akayasoma yote, jina kwa jina, kidole kikifuata. Kisha akamgeukia kaka yake, aliyemtania miaka yote.

"Kaka, kumbe ulikuwa na maneno yote haya."

"Ulikuwa hufiki paa la nne," mjomba akasema.

Ndugu zangu, hili la mwisho, kisha nimfungulie Kobe mlango. Katika wale kumi na mmoja, mjomba amempata mmoja kwa simu: mama aliyekuwa akifagia karakana. Amesema kunguru ni yeye aliyewachora, kwa penseli, kwenye daftari la mraba, na kwamba anao wengine ambao mashine haikuwa na nafasi ya kuwabeba. Anakuja nao. Mkutano ni Jumamosi, tarehe 17 Mei, saa nne kamili asubuhi, chumba cha juu ya maktaba. Mimi nitakuwa nimekaa nyuma. Anayezungumza ni yeye.